Kano ya Kisigino, na Minazi Niliyomwachia Selemani

Wadogo zangu mnaotaka kukwea,

Hapa niandikapo nasikia panga. Linapiga kwenye ule mnazi uliopinda nyuma ya madrasa, na kwa mlio wake tu najua mpigaji ni nani, na najua anakosea. Anakata kikonyo kwa juu, mara tatu, mara nne, kama mtu anayepasua kuni. Mnazi ule unataka upige kwa chini, pigo moja la kukwangua, kole zima la nazi linaachia lenyewe. Niliwahi kumwonyesha. Akasema, "Sawa kaka." Na bado anapiga kwa juu, na bado nazi zinashuka, na bado watu wanamwita. Ndiyo maana nasema kabisa mwanzoni, msije mkasema niliwaficha: hii barua ina wivu. Nimejaribu kuiandika bila wivu nikashindwa, ikabaki salamu tu.

Nimestaafu. Msicheke. Sina mvi hata moja, na wenzangu niliomaliza nao darasa la saba wengine ndiyo kwanza wanapeleka posa. Lakini mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwili umekataa ni mstaafu, hata kama hajapewa mkono wa kwaheri wala kusomewa risala. Kazi yangu ilikuwa kukwea minazi, huku kwetu Kibiti na ile njia yote ya kwenda Nyamisati. Nimekwea tangu nikiwa sijaota ndevu.

Aliyenifundisha ni mjomba wangu Kibwana, ndugu wa mama. Mjomba Kibwana alikuwa mfupi, mnene kiasi, na ukimwona chini anatembea ungesema huyu hata ngazi ya dungu la kulindia mpunga hawezi. Akishika mnazi alikuwa mtu mwingine. Hakunipandisha mara moja. Alinikalisha kwenye kifuo, ule mti uliochongwa ncha na kuchimbiwa ardhini, nikafua nazi za watu mpaka viganja vikawa kama gome. Nikamuuliza, "Mjomba, kukwea lini?" Akasema, "Ukiweza kutofautisha koroma na nazi iliyokomaa kwa kuishika tu bila kuiangalia. Kule juu jua litakuwa machoni, utaona nini?"

Siku aliyonipandisha nilikuta majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani nyumba. Waliingia kwenye kaptula. Nikaachia mkono mmoja ili nijikune. Mjomba akapiga kelele chini mpaka kuku wakatawanyika:

"Usikune! Hamisi, usikune! Mkono wa kukunia ndio mkono wa kufia!"

"Wananiuma pabaya, mjomba!"

"Pabaya patapona! Shingo haiponi! Shuka hivyohivyo, waache waume!"

Nikashuka nalia, watu wanacheka, na chini nikavua kaptula mbele ya nusu ya kijiji. Tangu siku hiyo kabla ya kushika mnazi wowote naugonga kwa ubapa wa panga mara moja, kisha nasubiri kidogo. Majimoto wakiwepo watashuka kuja kukuuliza. Fanyeni hivyo. Na msishike kuti la rangi ya kahawia hata kama linaonekana zima, na mkifika juu msikae kabla ya kutazama kwenye makarara, yale maganda ya maua ya mnazi, kwa sababu nyoka naye anapenda kivuli. Miguu isibane mnazi kwa nguvu, inachosha. Miguu inakaa tu, kisigino ndicho kinachosukuma. Hilo la kisigino mlishike, tutalirudia sana.

Ugonjwa ulianza kwa vidole. Asubuhi naamka vimekakamaa, siwezi kufunga kifungo, mpaka jua lipande. Nikasema ni kazi tu. Kisha magoti, kisha uso ukawa na wekundu uliotanda mashavuni kama niliyepigwa makofi mawili, na nywele zikawa zinabaki kwenye kofia. Nilipimwa malaria nikapewa dawa ya malaria. Nikaambiwa baridi yabisi. Shangazi yangu akasema ni jini la baharini limenipenda, na mimi kidogo nilifurahi kupendwa. Mwisho nikapelekwa Dar es Salaam, wakachukua damu, wakaniambia lupasi. Yaani kinga ya mwili, ile inayotakiwa kupigana na wadudu wa nje, imegeuka inapigana na mwenye nyumba. Daktari akasema mara nyingi unawapata wanawake. Niliporudi nikamwambia Selemani, akafikiri, akasema:

"Kaka, hata ugonjwa umekuja kwako umepotea njia."

Selemani ni huyu ninayemsikia. Alikuja kwangu anataka kazi, miguu mirefu kama korongo wa bondeni, nikamfundisha. Ana tabia moja: hatazami. Anapanda, anakata, anashuka. Mimi nilipokuwa juu nilikuwa natazama. Siku ya anga safi, kwenye ile minazi mirefu ya shamba la Bi Zena, ukiangalia upande wa delta, kule mto unakomwagikia baharini, unaona ukingo wa mikoko mweusi, na nyuma yake kitu kama bati linalong'aa. Nilikuwa nakaa pale nawaza. Nawaza siku moja nitaunda kiti cha chuma cha kukwelea, kama nilichokiona kwenye simu, nitakwea na redio. Bi Zena chini anapiga kelele, "Hamisi, umeota mizizi huko?" Sele hajawahi kuulizwa hivyo. Anamaliza haraka. Watu wanapenda mtu wa kumaliza haraka.

Dawa zilinisaidia, nisiseme uongo. Vidonge vidogo vyeupe, unameza kila asubuhi, maumivu yanakimbia. Ila vinavimbisha uso. Nilinawiri mashavu nikawa kama mwezi, na watu wakawa wananiuliza mnazi gani umeangusha pesa. Bi Zena akawa anaogopa. Alikuwa akinitazama mashavu, anatazama mnazi, kisha anasema taratibu, "Leo apande Sele, wewe baba kaa chini unisimamie." Alisema kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko majimoto. Nikawa nakaa chini nakusanya nazi na kusahihisha. "Sele, hilo bado!" "Sele, mguu wa kushoto!" Naye: "Sawa kaka." Kisigino cha kulia kilikuwa kinaniuma siku nyingi, kinavimba kwa nyuma, asubuhi nachechemea mpaka chooni. Sikumwambia mtu. Nilidhani kikijulikana, hata hiyo kazi ya kusahihisha nitanyang'anywa.

Sasa sikilizeni ilivyotokea, kwa maana wote mnadhani nilianguka. Sikuanguka. Nimeacha kukwea bila kuanguka hata mara moja maishani.

Tulikuwa shambani kwa Bi Zena. Sele yuko juu. Mimi nataka kuvuka kijifereji, kijifereji cha kuvukwa na mbuzi bila kufikiri. Nikajisukuma kwa mguu wa kulia. Pa! Nikapigwa kwa nyuma, juu kidogo ya kisigino, kwa kitu kizito. Nikaanguka kwenye majani, nikageuka kutafuta aliyenipiga, nikamwona Sele juu ya mnazi.

"Sele! Mshenzi wewe! Umenipiga nazi!"

"Nani, mimi?"

"Wewe! Umeona mimi nasahihisha ukaona unitoe kabisa!"

"Kaka, sijaangusha kitu! Wallahi, hata panga sijachomoa!"

Na kweli panga lilikuwa bado kiunoni. Bi Zena akaja na fimbo yake, akaanza kupekua majani, huku, kule, mpaka ndani ya kifereji. "Nazi yenyewe iko wapi?" akauliza. "Nimesikia mlio na mimi, lakini hapa hakuna nazi hata changa ya kidaka. Hamisi, simama tuone."

Nikasimama. Nikajaribu kuinuka kwa vidole. Mguu wa kushoto ukainuka. Wa kulia ulikuwa kama kandambili iliyokatika mkanda, unaburuzika tu, na kitu cha ajabu, haukuuma sana. Sele akashuka mbio, akapiga magoti, akapapasa nyuma ya kifundo changu. Akarudisha mkono kama aliyegusa pasi.

"Kaka, hapa pana shimo. Kidole kinaingia."

"Amekanyaga kitu," Bi Zena akanong'ona. "Ametegwa."

Sele akabadilika uso. "Mama, usiseme hivyo. Wataniambia mimi ndiye nimemtega ili nichukue minazi." Akanibeba mgongoni mpaka barabarani, tukapanda bodaboda mshikaki, mimi katikati, yeye nyuma ameushika mguu wangu kama mtu aliyebeba chungu cha mchuzi. Njia nzima anasema, "Nitamwambia daktari yeye aseme. Asiposema mimi nimekwisha." Kumbe alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Hospitali tulimkuta daktari kijana, mpole. Akanilaza kifudifudi, miguu inaning'inia nje ya kitanda. Akabonyeza shavu la mguu wa kushoto, yaani ile nyama ya nyuma, na unyayo ukacheza. Akabonyeza la kulia. Kimya.

"Huu umeitikia salamu," Sele akasema. "Huu umenuna."

"Kano ya kisigino imekatika," daktari akasema. "Hakuna aliyempiga. Wengi ikiwakatikia hugeuka nyuma kumtafuta aliyewapiga teke." Akatueleza vizuri. Kano ni kamba inayofunga nyama ya mguu kwenye kisigino. Lupasi inaweza kuivimbisha na kuichosha, na vidonge vile vyeupe vikitumika muda mrefu navyo vinaweza kuilegeza, inakuwa kama kamba iliyosahaulika juani: ukiitazama nzima, ukiivuta inakatika. Ndiyo maana haikungoja mnazi, ilitosheka na kifereji. Nikamwambia basi nitavitupa vidonge leo hii. Akanikazia macho. "Ukiviacha ghafla unaweza kufa. Vitapunguzwa taratibu, na tutapunguza sisi." Nawaambia na nyie, kwa kuwa najua huku kwetu mtu akichukia dawa anaitupa chooni siku hiyohiyo.

Kisha akauliza, "Na mguu wa kushoto hauumi?"

Sele akanitazama.

"Asubuhi," nikasema. "Kisigino. Kidogo."

"Ugonjwa ni huohuo na dawa ni hizohizo kwa miguu yote miwili. Ukipanda mnazi, na huo utakatika. Sasa hivi una mguu mmoja wa kusimamia. Usiuchezee."

Nilifungwa plasta, hogo mnavyoita, unyayo umeelekezwa chini kama wa mcheza ngoma. Sele akarudi kijijini akamweleza kila aliyemsikiliza habari za kano, akiwaonyesha kwa kamba ya mbuzi. Walimwamini. Hakuna aliyesema kanitega. Nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu, kwa sababu walimwamini huku wakimkabidhi minazi. Bi Zena alimkabidhi. Imamu alimkabidhi. Mimi nimelala chali, nasikia mapanga, nahesabu makosa.

Na mke wangu Mwajuma, wakati huo, ananishika kwapani kunipeleka chooni, anapika, analima, na jioni ananikanda goti kwa maji ya uvuguvugu. Hakuwahi kunung'unika. Alikuwa akisema tu, "Huu wa kushoto, Hamisi, huu ni wangu. Wewe ulishautumia wa kwako." Nikadhani utani.

Sasa hapa lazima niwaeleze desturi moja ambayo nyie wa siku hizi mnaidharau. Bafu zetu ni makuti kwa pembeni, juu hakuna kitu. Mkwezi akiwa juu anaona uani kwa kila mtu. Kwa hiyo kabla ya kupanda unasimama kwenye shina, unapaza sauti, "Hodi juu!" Na wanawake wa nyua zile wanakujibu. Wakisema "Panda!" unapanda. Wakisema "Bado!" unangoja, hata kama mvua inakuja. Mkwezi aliyepanda juu ya "Bado" hapewi mnazi tena, wala binti wa kuoa.

Plasta ilipotolewa nilikuwa nachechemea lakini natembea. Kisigino cha kushoto kilikuwa bado kinalalamika asubuhi. Dada yake Mwajuma akawa na shughuli ya ndoa, zikahitajika nazi za wali. Uani kwetu tuna mnazi mmoja, mrefu kuliko yote ya mtaa, niliukwea siku ya harusi yangu mwenyewe. Jioni nikamsikia Mwajuma ukutani anamwambia jirani, "Kesho atakuja Sele kutuangushia."

Sele. Kwenye mnazi wangu. Aseme "Hodi juu!" kwenye ua wangu, mke wangu amjibu "Panda."

Usingizi ulinipitia mbali. Asubuhi, baada ya sala, nikachukua kamba na panga, nikasema nitamtangulia. Nitapanda taratibu, nitautumia zaidi mkono, nitakata makole mawili tu, nitashuka, Sele akija atakuta nazi zimepangwa mlangoni na mimi nakunywa chai. Niliiona chai yenyewe, na mvuke wake. Nikafika kwenye shina, nikaugonga kwa ubapa wa panga. Nikatazama bafuni, mlango wa gunia umeteremshwa. Nikapaza sauti:

"Hodi juu!"

"Bado!" Sauti ya Mwajuma, kutoka bafuni.

Nikangoja. Nikafunga kamba kiunoni.

"Hodi juu!"

"Bado!"

Mtasema, ni mkeo, kuna kipi humo bafuni usichokijua? Kweli. Lakini "Bado" ile aliitoa kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. Ua wa kushoto wamesikia, wa kulia wamesikia. Nikipanda, kabla ya adhuhuri Kibiti nzima itajua Hamisi kapanda juu ya bado. Na mimi katika kazi hii sikubakiwa na kitu zaidi ya adabu yake. Nikarudi nyuma kwenye kivuli cha jiko, maana kwa lupasi hii hata jua nimekatazwa.

"Mwajuma, unaoga bahari?"

"Bado!"

"Maji yenyewe siyasikii!"

"Bado nimesema!"

Sele akaja, anaimba wimbo wake usio na maneno. Akaniona na kamba, na panga. Wimbo ukakatika.

"Kaka. Na kamba unakwenda wapi?"

"Kwangu."

Akatazama mguu wangu wa kushoto, akatazama juu ya mnazi. Hakubishana. Akavua kandambili, akasimama kwenye shina langu, akaita, "Hodi juu!"

"Panda, shemeji!"

Papo hapo! Hata pumzi haijavutwa! Wadogo zangu, niliwahi kuumwa na majimoto, niliwahi kukatikiwa na kano, lakini ile "Panda, shemeji" ndiyo iliyoniketisha chini. Sele akapanda. Nilitazama visigino vyake vikipita juu ya macho yangu, zile kano mbili zimesimama nyuma ya kifundo kama nyuzi za zeze, zinakaza, zinalegea, zinakaza. Sikuonea wivu minazi tena. Nilionea wivu pale tu, mahali pa upana wa vidole viwili.

Akafika juu. Nikashindwa kujizuia.

"Sele! Unaona nini huko?"

"Makuti, kaka."

"Huku upande wa delta, bwana! Huoni mikoko? Huoni kitu kinang'aa?"

Kisha nikasikia anacheka. Anacheka mpaka ameukumbatia mnazi.

"Nini?"

"Kaka, mikoko sijaitazama. Shemeji amekaa juu ya ndoo."

"Amekaa nini?"

"Ndoo imepinduliwa, haina hata tone. Amevaa baibui, na mtandio, na viatu vya kuendea shughulini. Mkononi ana mswaki, anasugua nao meno polepole. Bafu lote kavu!"

"Sele!" Mwajuma akapiga kelele. "Kata nazi, acha umbea!"

"Mwajuma," nikasema, "umeingia humo saa ngapi?"

"Nilikuona jana usiku ulivyokuwa unaitazama kamba," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sikujua nikuzuie vipi. Ningesema usipande, ungepanda."

Nimekwea juu ya nyua za watu maisha yangu yote ya kazi. Nimeona ngamba, gamba la kasa, ikikaushwa ukutani, nimeona watu wakipatana na watu wakifichana. Na kitu hiki kimoja, mke wangu na viatu vya shughuli juu ya ndoo kavu, anaulinda mguu wa kushoto, kimeonwa na Selemani, asiyejua kutazama.

Nikaifungua kamba kiunoni, nikaiweka juu ya panga.

"Sele," nikamwita, "usianze kukata kwanza. Nieleze tena. Amekaaje?"